Mchele wa Pombe ya Miungu

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu, wakazi wa Gangneung hupeleka mchele. Mwenye duka analeta mfuko, watoto wa shule wanachangishana, bibi kizee aishiye peke yake analeta kiasi alichojaliwa. Mchele huo ndio utakaopikiwa pombe ya miungu. Kazi ya kuipika huanza tarehe 5 ya mwezi wa nne, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, katika Chilsadang, jengo la kale la serikali lililo katikati ya mji. Huchanganywa mchele, chachu ya kienyeji iitwayo nuruk na majani ya msonobari, kisha mtungi hufungwa ukaachwa. Sikukuu ikifika, pombe hiyo huwekwa mbele ya miungu, na nyingine hugawiwa watu bure pamoja na vitumbua vya mchele.

Watu wakiisimulia sikukuu hii ya Danoje huanza na vinyago na bembea. Mimi naona anayetaka kuielewa aanze na mchele. Aliyetoa kibaba chake hawezi tena kwenda uwanjani kama mgeni. Ana sehemu yake mezani. Ngoma zote zinazofuata, kelele zote, machozi yote ya wazee hemani, yamejengwa juu ya jambo hilo.

Gangneung ni mji wa pwani ya mashariki ya Korea Kusini, katika mkoa wa Gangwon. Nyuma yake imesimama milima ya Taebaek, mbele yake iko bahari. Wakulima wake na wavuvi wake wanategemea vitu viwili ambavyo binadamu haviamrishi: mvua itokayo mlimani na mawimbi. Dano yenyewe ni siku ya 5 ya mwezi wa 5, ambayo kwa kalenda yetu huangukia mara nyingi mwezi Juni. Mwaka 2024 ilikuwa Juni 10, mwaka 2025 ikawahi hadi Mei 31. Ni wakati ambapo miche ya mpunga imekwisha kupandikizwa, jua limeanza kuwa kali, na zamani ndipo watu walipoanza kuogopa maradhi ya kiangazi. Kwa hiyo wanawake waliosha nywele kwa maji yaliyochemshiwa changpo, mmea wa kandokando ya maji wenye harufu nzuri. Walipanda bembea, wanaume wakashindana mieleka ya ssireum, na mfalme katika kasri aliwagawia maofisa wake mapepeo ili wakabiliane na joto. Sehemu nyingi za Korea siku hii imefifia, wala si siku ya mapumziko ya kitaifa. Gangneung haikukubali ifie mikononi mwake.

Kisa kinachoushikilia mji huu ni cha ndoa. Mlinzi mkuu wa Gangneung ni Beomil, mtawa wa Kibuda aliyeishi kati ya mwaka 810 na 889. Wanasimulia kwamba mama yake, akiwa msichana, alikwenda kisimani akateka maji kwa kibuyu, akaona jua linaelea ndani yake. Akayanywa, akapata mimba. Mtoto alipozaliwa bila baba alitupwa kwenye mwamba, lakini korongo wakamfunika kwa mbawa zao, na watu walipomkuta yu hai walimrudisha. Baada ya kufa akawa mungu mlinzi katika mapito ya Daegwallyeong, mlimani, urefu wa mita 832. Mke wake alikuwa binti wa ukoo wa Jeong wa mjini. Mungu alimtokea baba yake ndotoni akaomba kuwa mkwe wake; mzee akakataa. Siku nyingine binti alikuwa amekaa barazani, akaja chui-milia, mnyama wa mungu huyo, akambeba. Ndugu walipopanda mlimani kumtafuta walimkuta amesimama kando ya mume wake, roho imekwisha kutoka.

Kisa hiki kina ukatili, na wenyeji hawaufichi. Wamefanya jambo ninalolistahi sana: wameuweka ukatili huo ndani ya heshima. Kila mwaka, tarehe 15 ya mwezi wa nne, siku inayohesabiwa kuwa ya harusi yao, watu hupanda Daegwallyeong. Huko kwanza humtolea sadaka mungu wa mlima, ambaye anatajwa kuwa ni jemadari Kim Yu-sin wa dola ya Silla. Kisha hutafuta mti. Huzunguka msituni, ngoma zikipigwa, mpaka mshika mti ashike mmoja nao utetemeke mkononi mwake; hapo hujulikana mungu ameshuka. Mti hukatwa, na watu huufunga vitambaa vya rangi pamoja na maombi yao. Ukiteremshwa mjini hupelekwa kwenye hekalu la mke, na mume na mkewe hukaa pamoja mpaka mwezi wa 5 uingie.

Jioni ya kuwatoa, msafara hupita mjini na taa, na vikundi vya mitaa mbalimbali hufuata wakicheza. Njiani husimama kwenye nyumba inayokumbukwa kuwa ya wazazi wa binti wa Jeong. Hufanyika ibada pale, bibi harusi akarudishwa kwao japo kwa muda mfupi. Ndipo wanaelekea kingo za mto Namdaecheon, yalipo mahema.

Desturi hii ina umri. Heo Gyun, mwandishi mashuhuri ambaye ukoo wa mama yake ulikuwa na mizizi Gangneung, aliandika kwamba alishuhudia mwaka 1603 watu wa mji wakimpokea mungu wa mlima kwa shangwe. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Danoje kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu usioshikika, na Wachina wengi wakaudhika, maana sikukuu ya siku hiyohiyo ni yao pia na ina historia ndefu. Mimi sioni sababu ya ugomvi. Tarehe ni ya pamoja. Lakini mashindano ya mitumbwi ya joka ya Wachina hayana uhusiano na binti wa Jeong, wala mti wa Daegwallyeong haukuchukuliwa kwa mtu. Sikukuu ya Wachina nayo iliingizwa katika orodha mwaka 2009, na kila mmoja akabaki na yake.

Asubuhi, kando ya mto, wazee waliovaa kanzu za Kikonfusio husoma dua kwa sauti ya chini na kusujudu kwa utaratibu. Wakimaliza, mahali hapohapo wanaingia mudang, wanawake wa mizimu. Pwani hii kazi yao hurithiwa: mtoto hufundishwa kuimba, kucheza na kupiga vyombo tangu angali mdogo, na midundo yao ni migumu kiasi kwamba wanamuziki wa vyuo huja kujifunza kwao. Ngoma yenye kiuno chembamba iitwayo janggu huongoza, matasa ya shaba huitikia, na mwimbaji husimama na pepeo mkononi akisimulia kwa saa nzima au zaidi. Kila ibada ina lengo lake: moja ni ya mfalme wa bahari, kwa ajili ya wavuvi, nyingine ni ya kumpokea na kumsindikiza kwa adabu mgeni wa kutisha, yaani ndui, ili aondoke bila kuchukua mtoto wa mtu.

Ndani ya hema hilo ndipo ningemshauri yeyote akae kwanza. Wengi waliomo ni kina bibi. Wamekuja asubuhi, wamevua viatu, wamekaa mkekani na chakula chao, na hawana haraka. Mudang anapoimba habari za Sim Cheong, binti aliyejiuza kwa mabaharia atupwe baharini ili baba yake kipofu apate kuona, hao bibi hulia. Wanakijua kisa tangu utotoni, wanajua baba ataona mwishoni, na bado wanalia. Muda si muda mwimbaji anatupa mzaha, hema zima linacheka, bibi mmoja anainuka kucheza mabega yakipanda na kushuka, mwingine anamtuza mudang noti kama waimbaji wa taarab wanavyotuzwa ukumbini kwetu. Hakuna anayeona haya. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani, mtu mwenye mwana baharini, amekuja kuombewa kwa jina, na noti ile ni sehemu ya dua.

Nje, uwanjani, kuna ngoma ya vinyago iitwayo Gwanno. Haina jukwaa la juu wala pazia. Watazamaji hukaa duara, na duara lenyewe ndilo ukumbi. Wanaotangulia kuingia ni Jangjamari wawili, wenye matumbo makubwa ya duara yaliyotengenezwa kwa pete iliyovishwa nguo, na juu ya nguo hizo vimening'inia mwani wa baharini na mabua ya nafaka. Bahari na shamba vimevaliwa pamoja. Wanagongana matumbo, wanawachokoza watu, wanawasukuma nyuma ili uwanja upanuke. Akija Yangban, bwana wa tabaka la juu mwenye kofia ndefu iliyochongoka na ndevu ndefu, anamwona Somae Gaksi, msichana wa kinyago cheupe. Anambembeleza, msichana anakataa, kisha anakubali, wanacheza wakiwa wameshikana. Ghafla pande mbili zinatokea sura mbili za kutisha, Sisittakttagi, wenye visu mikononi na nyuso za rangi kali. Wanawatenganisha wapenzi, wanamvuta msichana huku na huku mpaka bwana anamshuku. Msichana, ili athibitishe usafi wake, anazichukua ndevu za bwana na kuzizungusha shingoni mwake, akajinyonga nazo.

Yote hayo hufanyika bila neno hata moja. Zumari inalia, ngoma zinapigwa, miguu na mabega ndiyo yanayosema. Katika ngoma nyingine za vinyago za Korea, kama ile ya kijiji cha Hahoe huko Andong au ile ya Bongsan, mabwana husutwa waziwazi kwa maneno makali. Gwanno ni jina la watumwa wa serikali, na ndio waliokuwa wakiicheza hii, katika mji wa ofisi, mbele ya macho ya wakubwa wao. Naona ukimya ule ulikuwa na maana kubwa kwao. Mtu asiyeruhusiwa kufungua mdomo alimwonyesha bwana wake ndevu zake mwenyewe zikimuua asiye na hatia, na bwana hakuwa na neno la kumshtakia.

Hadithi haiachi kifo pale. Watu huomba mbele ya mti wa mungu, msichana anafufuka, wote wanacheza pamoja, na hapo watazamaji huingia.

Ngoma hii nusura ipotee. Mfumo wa utumwa ulipofutwa mwaka 1894 wachezaji wake walitawanyika, na utawala wa Wajapani ulipokuja haikuwa na wa kuiendeleza. Iliungwa upya katika miaka ya 1960 kutokana na kumbukumbu za wazee walioiona ujanani mwao, na mwaka 1967 serikali iliitambua Danoje yote kuwa urithi wa taifa unaostahili kulindwa. Leo wanaovaa vinyago vya watumwa ni watu huru, na hawalazimishwi na yeyote.

Mgeni aliyezoea kumbi za maonyesho hushangaa kelele za watazamaji. Mcheza akipiga hatua nzuri, mzee pembeni anapaza sauti, "Eolssigu!" Mwingine anaitikia, "Jotta!" Wakorea huziita sauti hizo chuimsae, na mwimbaji au mcheza asiyezisikia hupoa. Anayekaa kimya kwa heshima anamnyima mchezaji haki yake. Tabia hii haikubaki kwa wazee. Katika maonyesho ya muziki wa K-pop vijana hujifunza mapema wapi pa kutaja majina ya waimbaji na wapi pa kuitikia ubeti, na wanapiga kelele hizo kwa pamoja bila kukosea. Sisemi kimoja kimezaliwa na kingine. Nasema ni watu walewale, wenye imani ileile kwamba onyesho lina pande mbili.

Wapo wanaolalamika kwamba soko limeimeza sikukuu. Kweli, kando ya Namdaecheon vibanda ni vingi mno: maandazi bapa ya viazi yanayokaangwa papo hapo, pombe ya mchele, sufuria, nguo, michezo ya kulenga shabaha, wauza dawa wenye vipaza sauti. Mtu anaweza kuzunguka usiku mzima asifike kwenye hema la ibada. Lakini soko halikuingia juzi. Wakati wa utawala wa Wajapani wafanyabiashara wa mjini walikuwa miongoni mwa walioibeba sikukuu isianguke. Walichangia, wakawaita mudang, wakaendelea. Nani awaambie leo wasogee mbali?

Kwa anayetaka kwenda, treni ya mwendo kasi iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 humtoa Seoul na kumfikisha Gangneung kwa muda wa karibu saa mbili. Aangalie kwanza kalenda ya mwezi, maana tarehe huhama kila mwaka, na asingoje siku ya Dano yenyewe: usiku wa msafara hutangulia. Avae viatu vyepesi kuvua. Akikaribishwa pombe apokee kwa mikono miwili, na duara la vinyago litakapofunguka mwishoni asibaki amekaa, kwa sababu Jangjamari watakuja kumwinua kwa matumbo yao.