Gari la biashara limekuzingua? Hivi ndivyo nilivyotafuta wakili

Wengi wetu tunaouza mtandaoni, biashara ikikua kidogo tunatafuta kirikuu au kagari kadogo ili tuache kulia na hela za bodaboda. Sasa gari likiwa bovu tangu siku unalichukua unafanyaje? Wengi wanameza hasira wanamlipa fundi, basi. Mimi nilitafuta wakili, na leo naongelea huko kutafuta. Mimi sio mwanasheria jamani, ni form four ninayeuza vyombo vya jikoni.

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Kirikuu nilinunua yadi, hapa hapa Dar, milioni 9 na nusu. Nilienda na fundi, tukaiwasha, tukaizungusha, ikawa safi. Muuzaji akaniandikia WhatsApp kwamba gia boksi haijawahi kuguswa. Siku ya 9 gia ikaanza kuchomoka yenyewe nikiwa na mzigo wa wateja nyuma. Fundi akaingia chini akakuta alama za spana na silikoni mpya, yaani ilishafunguliwa. Kuitengeneza 1,800,000. Yadi wakasema mali ikitoka getini sio yao tena.

Kwa biashara ya ukubwa wangu, hiyo 1,800,000 ndiyo mzigo wa mwezi mzima.

Kitu cha kwanza kabla hujamwambia mtu shida yako: hakikisha ni wakili kweli. Vishoka wapo wengi, hasa wale wanaokaa na mabahasha karibu na mahakama. Mahakama ina mfumo wake mtandaoni unaitwa e-Wakili, unatafuta jina la mtu unaona kama yumo na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Cheti cha uwakili kinahuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa alikuwa wakili juzi na leo haruhusiwi. Suti na tai visikuchanganye.

Nilionana na watatu.

Wa kwanza hakufungua hata karatasi zangu. Akasema kesi tumeshashinda, lete milioni moja tuanze, na nyingine kidogo ya "kuonana na watu" mahakamani. Hapo niliaga. Hela ya kuonana na watu ni rushwa, na ukiitoa wewe ndiye unatengeneza kesi nyingine ya kwako mwenyewe.

Wa pili ni mzee mstaarabu sana, akaniambia, "Binti yangu, mimi kazi zangu ni mashamba na viwanja, mambo ya mauzo ya bidhaa kamtafute fulani." Namheshimu mpaka leo. Wakili anayekwambia hiki sio changu amekuokolea hela.

Huyo fulani ndiye dada niliyefanya naye kazi. Kilichonifanya nimwamini ni maswali yake. Aliniuliza: uliyemnunulia ni mfanyabiashara wa magari au mtu binafsi? Ulimwambia gari ni la kazi gani? Ulilikagua? Ulilalamika siku ya ngapi, na kwa maandishi? Umeendelea kulitumia?

Mwanzo niliona ananichosha. Kumbe kila swali lina sababu yake kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukinunua kwa mtu ambaye kuuza magari ndiyo biashara yake, sheria inachukulia kwamba mali lazima iwe na ubora wa kuuzika. Ukinunua kwa jirani anayeuza gari lake binafsi, ulinzi huo unapungua sana, labda kama alikudanganya. Kama ulilikagua, huwezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi ule ulipaswa kuuona, mfano kioo kilichopasuka. Ubovu wa ndani ya gia boksi ni habari nyingine. Na ukikaa na gari muda mrefu kimya, unahesabika umelipokea. Hapo kulirudisha inakuwa ngumu, unabaki kudai fidia. Kwa ujumla madai ya mkataba yana miaka 6, lakini usijifariji na hiyo miaka, lalamika wiki hiyo hiyo.

Akanikataza nisitengeneze kwanza. Fundi mwingine, asiyenijua wala asiyeijua yadi, akalikagua na kuandika ripoti na picha. Ukishabadilisha gia boksi, ushahidi umeuzwa skrepa. Zile meseji za WhatsApp usifute, na usibadilishe simu ovyo, maana mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki.

Hela sasa, maana hapa ndipo watu wanaogopa. Mwombe gharama kwa hatua, kwa maandishi, na risiti kila ukilipa: notisi ya madai shilingi ngapi, kufungua kesi ngapi, kila kwenda mahakamani ngapi, na ada za mahakama nani analipa. Ipo kanuni ya ada za mawakili ya 2015, kwa hiyo sio dhambi kuuliza, na anayekasirika ukiuliza bei achana naye. Mimi notisi ilikuwa 200,000. Kesi yenyewe aliniambia ingeanzia 1,500,000, akaniambia wazi kwamba kwa dai la 1,800,000 hesabu hiyo hailipi, tuibane yadi kwanza kwa notisi. Wakili anayekupigia hesabu inayompunguzia yeye hela, huyo mshike.

Kama huna hata hiyo laki mbili, malalamiko ya mlaji unaweza kupeleka Tume ya Ushindani, FCC. Na wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, hao hawatozi.

Notisi iliwapa yadi siku 14, pamoja na ripoti ya fundi na ile meseji. Siku ya 11 wakapiga simu. Walikataa kurudisha hela ya gari, ila wakakubali gia boksi nyingine pamoja na ufundi. Dada wakili akaandika makubaliano, pande zote tukasaini kabla gari halijaingia gereji. Hela za bodaboda nilizotumia wiki zote zile hawakunilipa. Nilimuuliza kama tuendelee kuzidai, akasema, "Mdogo wangu, kauze sufuria."