Jina la Kitalu Si Jina la Mwenye Kiwanja

Kinyakyusa kinachosemwa Ikuti na kote Rungwe kina irabu 7, mbili zaidi ya Kiswahili. Wanaotaka kuzitofautisha zote katika maandishi huongeza herufi kama ɨ na ʉ. Kwa kalamu ni kukata kistari tu. Katika kompyuta, kila herufi sharti iwe na namba yake, na mgawaji wa namba hizo ni Unicode, kiwango kilichoanza kutolewa mwaka 1991. Namba zake zimepimwa kama viwanja vya mji: kuna vitalu zaidi ya 300, kila kimoja na jina lake. Herufi za Kiswahili, a hadi z, zimo katika kitalu cha Kilatini cha Msingi. Mbele yake viko vya Kilatini cha Ziada, A, B, na kuendelea hadi G. Sasa itafute ɨ. Herufi ndogo iko namba 0268, katika kitalu cha alama za kifonetiki. Kubwa yake, Ɨ, iko namba 0197, Kilatini cha Ziada B. Ʉ kubwa ndiyo iliyocheleweshwa zaidi: iliingizwa mwaka 2006, ilhali ʉ ndogo ilikuwamo tangu mwanzo.

Msomaji wa majina hayo anaweza kudhani kwamba ɨ ni alama ya wataalamu wa matamshi, si herufi ya watu. Sivyo. Jina la kitalu husema namba ilikatwa wapi na kwa sababu gani siku ile; halisemi nani anaishi humo leo. Kitalu cha Kigiriki na Kikopti ni ushahidi mzuri: Kikopti kilipewa kitalu chake mwaka 2005, lakini jina la zamani limebaki, kwa kuwa herufi zake kadhaa hazikuhamishwa. Tena Unicode yenyewe huandika kando, kwa kila herufi, ni ya mwandiko gani. Hapo ɨ, Ɨ, ʉ na Ʉ zote ni za Kilatini, na kila ndogo imeunganishwa na kubwa yake. Madhara huja mtengeneza programu anapoyategemea majina. Akiruhusu vitalu vyenye neno Kilatini peke yake, fomu yake itaikubali Ɨ mwanzoni mwa jina na kuikataa ɨ katikati ya jina hilohilo.

Wapo watakaouliza kwa nini herufi hizi zisikusanywe katika kitalu kimoja chenye jina la heshima. Haiwezekani bila hasara. Namba ikishatolewa haihamishwi, maana maandishi yote yaliyokwisha kuhifadhiwa yangeharibika; na kuzitolea namba za pili kungezaa herufi pacha, macho yakiziona moja na kompyuta ikiziona mbili, hata neno litafutwe lisipatikane. Wengine watasema Wanyakyusa huandikiana kwa i na u za kawaida na wanaelewana. Ni kweli, muktadha husaidia. Lakini kamusi na kitabu cha mtoto anayeanza kusoma havina msaada huo, na uamuzi wa kuandika irabu 5 au 7 ni wa wenye lugha, si wa fomu.

Kwa hiyo, ndugu mtengeneza programu, uliyeko Mbeya au Dar es Salaam: uliza mwandiko wa herufi, usiulize kitalu chake, na kabla hujaitoa programu yako, ijaribu kwa ɨ na Ʉ.