Barua ya chuo haina ukurasa mmoja

Matokeo ya diploma yakishatoka, hapa Hamriya simu hazilali. Nani kapata, nani kakosa, nani kapelekwa Nizwa, nani Sohar. Halafu ndipo zinapoanza kuja barua za vyuo, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu na jengo zima linanijua, nyingi hupitia mikononi mwangu. Mzazi huja na simu ya mwanawe, akanionyesha ukurasa wa kwanza: hongera, umekubaliwa. Ukurasa huo hauna taabu. Mimi huuliza, ziko wapi zilobaki?

Zilobaki ndizo zenye mambo. Mna ukurasa wa ada, mna wa ufadhili, mna wa nidhamu. Kijana huziweka alama ya "nimekubali" bila kuzisoma, na baba hulipa bila kuzisoma. Siku likitokea la kutokea, chuo kinafungua ukurasa ule ule na kuonyesha ile alama.

Jirani yangu mmoja, tunaishi ghorofa moja, alimwandikisha mwanawe chuo cha binafsi hapa Muscat. Akalipa muhula mzima kwa mkupuo, akiba ya miaka. Wiki ya tano kijana akasema hawezi, anataka kurudi Unguja akasome huko na wenzake. Baba akaenda ofisi ya fedha kudai chake. "Mwalimu, nilijua watakata kidogo tu, kwani kijana kasoma siku ngapi?" Hakurudishiwa hata baisa. Kwenye makaratasi yake mlikuwa na jedwali: ukijitoa kabla masomo hayajaanza unarudishiwa kiasi hiki, wiki ya kwanza hiki, wiki ya pili hiki, baada ya hapo hakuna. Vyuo vingi duniani vina jedwali la namna hiyo, hata vya Uingereza na Marekani. Chuo hakikumdhulumu, ila alikwenda dirishani wiki ya tano na karatasi iliyokuwa na jibu ameifungua wiki ya sita.

Kwa raia wa Omani njia imenyooka zaidi. Tangu Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa Al Khoudh mwaka 1986, mtoto wa Kiomani anasoma pale bila kulipa ada. Mwaka 2005 kikaanzishwa kituo kimoja cha udahili, na ile kazi ya kuzunguka na faili mkononi kutoka chuo hadi chuo ikaisha. Mtoto anajiandikisha kwa intaneti, matokeo yakitoka anapewa nafasi ya kupanga upya chaguo zake, na serikali inampa kiti katika chuo chake au inamlipia katika cha binafsi. Alhamdulillahi. Lakini cha bure nacho kina masharti. Wastani wa alama ukishuka chini ya 2.00 pale Sultan Qaboos, mwanafunzi anawekwa chini ya uangalizi, na asipojinyanyua anaweza kutolewa. Anayelipiwa na serikali chuo cha binafsi naye ana kiwango chake cha alama na muda wake wa kumaliza. Nimewaona vijana wanaoichukulia skolashipu kama urithi wa babu. Hebu waulizeni wenu: wastani wako sasa ni ngapi, na ukishuka wapi wanakukata? Asiyejua jibu la pili ndiye wa kumwekea jicho.

Hamriya yetu lakini si ya raia peke yao. Nyumba moja utakuta baba ana pasipoti ya Omani, shemeji ana ya Tanzania, binamu kaja na viza ya kazi kutoka Mombasa, na watoto wote wanakula sahani moja. Ikifika habari ya kulipiwa masomo, sahani inagawanyika kwa pasipoti.

Mwenye pasipoti ya Tanzania anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya 2004. Wazanzibari wana bodi yao pia, kwa sheria ya 2011. Mtoto aliyechukua uraia wa Omani hana haki hiyo hata kama bibi yake yuko Mchambawima mpaka leo, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Akienda kusoma huko anahesabiwa mgeni, na ada ya mgeni huandikwa kwa dola. Kenya ni tofauti kidogo: katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili upande wao, ingawa Omani nayo ina sheria yake kwa raia wake, na hilo msilicheze bila kuuliza.

Fomu za mkopo wa Tanzania zina mitego yake kwa sisi tulioko nje. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, RITA kwa bara na wakala wa usajili kwa Zanzibar. Anatakiwa mdhamini. Kama mtoto alisomeshwa skuli ya kulipia, bodi huliangalia hilo wakati wa kupima uwezo wa mzazi. Ndugu zangu, dirisha la maombi likifunguliwa, mtoto wa Hamriya ambaye cheti chake kiko ndani ya sanduku la shangazi Wete tayari kachelewa. Hiyo kazi ifanyeni miezi kabla.

Na kuna suala ambalo nyumba nyingi huniuliza kwa kunong'ona: riba. Zamani bodi ya Tanzania ilikuwa ikiongeza asilimia 6 kila mwaka, wakiiita ada ya kulinda thamani ya fedha. Familia ngapi za Kiislamu zilikataa mkopo kwa sababu hiyo, watoto wakabaki nyumbani! Rais Samia alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi 2021, na ikaondolewa. Bado wako wazazi hapa wanaokataa kwa habari za zamani. Kinachobaki ni kulipa: anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Si kidogo, na kijana ajue kabla hajaifurahia hiyo wanayoiita bumu, pesa ya kula na kulala ambayo huingia ikishaingia.

Kenya, HELB ilianza 1995 na hutoza asilimia 4 kwa mwaka. Mwenye kuhisi uzito wa hiyo amuulize shekhe wake, mimi si mufti. Akichelewa kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mwaka 2023 serikali ikaleta mfumo mpya: wanafunzi wakapangwa madaraja matano kwa hali ya familia, na kila daraja likapewa fungu lake la msaada na la mkopo, mzazi akamalizia. Malalamiko yakajaa, watoto wa masikini wakajikuta daraja la wenye nacho. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo haukufuata katiba, na mabishano hayakuishia hapo. Mwenye mtoto Mombasa au Nairobi asitegemee alichoambiwa mwaka juzi.

Nidhamu tunaidhania ni habari ya ulevi na ugomvi tu. Mimi nilisoma sekondari ya misheni, Mombasa, na siku ya kwanza masista walitusomea kanuni zote kwa sauti, moja moja, sisi watoto wa Kiarabu na buibui zetu tumekaa mstari wa mbele. Chuo kikuu hakikusomei. Kunakili kazi ya mwenzio, au kuiandikisha kompyuta insha ukaitia jina lako, ni kosa kubwa siku hizi kuliko kuchelewa kurudi bweni. Kutohudhuria vipindi kupita kiasi kunakuzuia mtihani, na mtihani ukikosa wastani unashuka, na wastani ukishuka pesa inakatika. Sasa mnaona vilivyofungamana. Na mara nyingi aliyesimamishwa kwa nidhamu harudishiwi ada.

Haya hayakuanza jana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kubwa lilokuwa likiwachoma ni kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika muda wa utumishi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Aliyekuwa akiwalipia masomo ndiye aliyewafukuza. Wengi walirudishwa baadaye, lakini hebu fikirieni barua ile ilivyofika Pemba au Bukoba.

Jambo moja ambalo karibu kila chuo kinalo na wazazi wetu hawalitumii ni kuahirisha masomo. Mtoto akiuguliwa, au pesa ikikatika kwa kuwa baba kapoteza kazi, sisi tunanyamaza kwa haya. Kijana anatoweka darasani, deni linakua, jina linafutwa. Kumbe ingetosha barua moja kabla ya tarehe iliyoandikwa, na cheti cha daktari au cha mwajiri.

Msichana mmoja wa jengo la pili, mamake alilazwa Mnazi Mmoja katikati ya muhula. Baba alitaka aache tu arudi Unguja, mambo ya chuo yataonekana. Tulikaa naye jioni moja, akaandika nusu ukurasa kwa Kiarabu, akaipeleka ofisi ya usajili asubuhi, wakampigia muhuri. Akaenda, akamuuguza mamake. Septemba akarudi kwenye kiti chake, na ada aliyokwisha kulipa ikahesabiwa muhula mpya.