Hati Yako Ina Miaka Mingapi?

Katika nyumba nyingi za Karatu mna sanduku moja chini ya kitanda cha baba. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo, cheti cha ndoa, na bahasha moja iliyokunjwa vizuri. Bahasha hiyo ina hati ya kiwanja. Wenye nyumba huijua kwa rangi yake, lakini walioisoma mpaka mwisho ni wachache.

Tuseme kijana amerudi likizo kutoka Arusha, akaomba kuiona.

“Shikamoo, baba. Hapa imeandikwa miaka 33.”

“Marahaba, mwanangu. Kiwanja ni chetu hicho.”

“Kilitolewa mwaka gani, baba?”

“Mwaka ule uliozaliwa wewe, 1995.”

“Basi, baba, muda wake utakwisha mwaka 2028.”

Mzee akanyamaza. Nyumba ya matofali aliyoijenga kwa jasho lake, yenye vyumba vinne na mti wa parachichi mlangoni, imesimama juu ya karatasi iliyo karibu kumaliza siku zake.

Wasomaji, jambo hili si hadithi ya watu wa mbali. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hapewi udongo wenyewe. Hupewa haki ya kuukalia na kuutumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba haki hiyo, ikiwa ya muda, isizidi miaka 99. Hati nyingi za viwanja vya mjini ni za miaka 33, 66 au 99.

Utaratibu huu ni wa zamani. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 nayo iliweka kikomo cha miaka 99. Na wale waliokuwa na ardhi ya milele tangu enzi ya Wajerumani, sheria ya mwaka 1963 iliigeuza kuwa ya miaka 99. Kwa hiyo hata shamba kubwa la kahawa lina hesabu yake: lililotolewa mwaka 1930 kwa miaka 99 hufika mwisho mwaka 2029. Miaka haimchagui mkubwa wala mdogo.

Je, muda ukiisha nyumba imepotea? La, kama mwenyewe hakulala. Sheria yasema kwamba mtu aliyetimiza masharti ya hati yake, akiomba aongezewe muda, afikiriwe yeye kwanza kabla ardhi haijatolewa kwa mwingine. Lakini hapo pana mambo mawili: awe ametimiza masharti, tena awe ameomba. Masharti ni kama kulipa kodi ya ardhi kila mwaka, na kukitumia kiwanja kwa kazi ile iliyoandikwa. Asiyelipa kodi miaka kumi atasimama vibaya siku ya kuomba.

Basi fanyeni hivi. Itoeni hati, msome tarehe ya kuanza na idadi ya miaka, mkajumlishe. Tunzeni risiti zote za kodi pamoja na hati. Ikiwa miaka iliyobaki ni michache, nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya mkaulize, msingoje mwaka wa mwisho. Na ikiwa jina lililoandikwa ni la marehemu, anzeni mahakamani, apatikane msimamizi wa mirathi. Maana marehemu hawezi kuomba miaka. Hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Wenzetu wa Uingereza nao wana shida hii. Wengi huko hununua fleti ndani ya jengo la ghorofa kwa miaka tu, na chini yake yuko mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1993 iliwapa haki ya kununua nyongeza ya miaka 90. Lakini aliyengoja mpaka miaka ikapungua chini ya 80 alijikuta akidaiwa fedha nyingi zaidi. Huko nako aliyechelewa ndiye aliyelipa.

Sasa tugeukie kijijini, maana huko mambo ni tofauti. Mwanakijiji aweza kupewa na halmashauri ya kijiji chake hati ya haki miliki ya kimila, nayo yaweza kuwa bila ukomo wa miaka. Walakini yaweza pia kuandikwa kwa muda; kwa hiyo isomeni nayo. Tena andikeni majina ya mume na mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu.

Nguvu ya haki hiyo ya kimila ilitetewa na watu wa hapa hapa. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba katika Mbulumbulu, walishinda kesi ya shamba lao mjini Arusha. Kisha mwaka 1992 ikaja sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa kuhamia vijijini, na kuzima kesi zake. Baba na mwana hawakukata tamaa. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala mtu asinyang'anywe bila fidia ya haki. Hata jasho la kufyeka pori lina thamani yake.

Kwa ndugu walio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kupita lango la Lodoare, msichanganye mambo. Eneo lile lina sheria yake tangu mwaka 1959, na makao ya humo hufuata sheria hiyo, si miaka ya hati ya kiwanja.

Jumapili hii, baada ya chakula, waiteni watoto. Fungueni sanduku, mmoja asome kwa sauti, mwingine ahesabu miaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.