Uwanja wa Kilifi na hesabu ya siku zisizo na mechi

Kati ya Mtwapa na Malindi, mashabiki wa soka wana mjadala mmoja usiokwisha: timu ya hapa itapata lini uwanja wake, na nani ataujenga. Wafadhili hutajwa kwa zamu: gavana, mbunge, Mwitaliano mwenye hoteli, wenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, wenye mkonge wa Vipingo. Kila msimu wa kampeni orodha hurefuka. Kwa jicho la biashara, mjadala huu unaanzia mwisho. Anayemwaga saruji hulipa mara moja akakata utepe, kisha zinabaki nyasi za kumwagiliwa maji wakati wa kiangazi, umeme, walinzi, vyoo, mabati yanayoliwa na chumvi ya bahari, na siku zaidi ya mia tatu kwa mwaka ambazo hapana mechi. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mjenzi kuna maswali mawili ya kujibiwa: hati ya ardhi imeandikwa jina la nani, na siku hizo mia tatu zitalipiwa na nani.

Tupige hesabu ya timu ambayo tayari imepanda Ligi Kuu ya Kenya, jambo ambalo lenyewe ni kazi. Ligi ina vilabu 18, kwa hiyo kila klabu hucheza nyumbani mara 17. Tuseme kila mechi inaleta watu 3,000 wanaolipa shilingi 200, makadirio ya ukarimu mno kwa ligi ambayo vilabu vyake vingi hucheza mbele ya viti vitupu. Tunapata shilingi milioni 10.2 kwa mwaka. Tuongeze televisheni. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2023 kati ya Azam Media na shirikisho la soka ulikuwa wa dola milioni 9.1 kwa miaka saba. Hata kama senti zote zingegawiwa sawasawa kwa vilabu 18, kila kimoja kingepata kama dola 72,000 kwa mwaka, yaani shilingi milioni tisa na ushei. Sasa tutazame bei ya mkopo. Uwanja wa Talanta jijini Nairobi umegharamiwa kwa hatifungani ya takriban shilingi bilioni 44.8 yenye riba ya asilimia 15.04, na huo ni mradi ulioegemea mgongo wa serikali. Klabu ya Pwani ikikopa milioni 500 kwa riba hiyohiyo, riba pekee ni milioni 75 kwa mwaka. Kiingilio na televisheni kwa pamoja havifikii hata theluthi yake, na bado wachezaji hawajalipwa. Mjadala wa kukopa unaishia hapo.

Wanaojibu kwamba Azam waliweza wana haki ya kusikilizwa. Azam FC ya Dar es Salaam ina uwanja wake Chamazi, wenye nafasi ya watu kama elfu kumi, nyasi bandia na taa, na Yanga wamewahi kuukodi kwa mechi zao za nyumbani. Lakini mwenye Chamazi ni familia ya Bakhresa, wenye unga, juisi, boti za Unguja na kituo cha televisheni. Uwanja ule ni sehemu ya biashara inayouza matangazo na ving'amuzi, na soka hulipwa kutoka mfuko mwingine. Kitende, nje kidogo ya Kampala, ni vivyo hivyo: uwanja wa St Mary's wa Vipers umejengwa pembeni ya shule, chini ya mwenye shule na klabu, Lawrence Mulindwa. Magharibi mwa Kenya hadithi imekwenda kinyume. Vilabu vya viwanda vya sukari, Mumias, SoNy na Chemelil, vilikuwa na viwanja na mishahara hadi viwanda vikaanza kuyumba, na Ligi Kuu ikabaki bila hata kimoja. Funzo lililo wazi kwa Kilifi ni kuwa uwanja hudumu pale ambapo jirani yake ana haja nao siku ya Jumanne asubuhi. Jirani akifa, nao hufa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema hii ni kazi ya serikali, na Katiba ya 2010 iko upande wao kwa kuwa imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Hata hivyo rekodi haitii moyo. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani na ahadi ya viwanja vitano vya kitaifa, cha Mombasa kikiwa kimojawapo. Miaka sita baadaye Bandari FC walifuzu Kombe la Shirikisho Afrika, na wakalazimika kuwapokea wageni wao Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kwao. Kilifi haihitaji kutazama Mombasa ili ijue miradi mikubwa ya umma hukwama vipi, maana Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala pale Vipingo kimesubiriwa kwa miaka mingi huku gharama zikipanda. Msomaji wa Unguja atanikumbusha Amaan, na ni kweli: serikali ya Zanzibar iliukarabati ukafunguliwa upya Desemba 2023, na mwezi Mei 2025 ukapokea marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane, mechi ambayo kila mtu alidhani ingechezwa uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Lakini Amaan ndio uwanja mkuu wa visiwa vizima na serikali yake hailazimiki kugawana hazina na magavana 47. Kaunti yenye watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019, ambayo hospitali na maji vinang'ang'ania bajeti ileile, haitaweka nyasi mbele ya dawa kila mwaka, na isilaumiwe kwa hilo. Kaunti inaweza kujenga. Kinachoishinda ni kutunza.

Basi kaunti itoe kile ilicho nacho, yaani ardhi, na hapa ndipo Pwani inapotofautiana na kwingine. Tangu sheria ya mwaka 1908 iliyotaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa maili kumi aidai na kuandikishwa, maelfu ya familia za Kigiryama na nyinginezo zilijikuta maskwota juu ya mashamba ya mababu zao, na wenye hati wengine wakawa watu wasioonekana. Viwanja vya mpira vimo katika tope hilohilo. Kiwanja kinaweza kuchezewa vizazi vitatu, vijana wakiamini ni cha kijiji, kisha mtu akatokea na hati. Hata maeneo ya umma yanayojulikana na wote, kama Alaskan mjini Malindi na Karisa Maitha mjini Kilifi, yanatumika mno kwa mikutano ya siasa na sherehe za kitaifa kiasi kwamba hakuna klabu inayoweza kupanga ratiba juu yake. Klabu isiyo na karatasi haina cha kuweka rehani, haiwezi kumwahidi mdhamini kwamba bango lake litabaki ukutani miaka mitano, na haina sababu ya kupanda nyasi ambazo Jumapili ijayo zitakanyagwa na malori ya vipaza sauti. Ukodishaji wa muda mrefu wa kipande cha ardhi ya umma, miaka 30 au zaidi, ulioandikwa kwa jina la amana yenye wawakilishi wa klabu, shule na wakazi, una thamani kuliko milioni 50 za mfadhili. Sharti liwe moja gumu: ardhi ikiacha kuwa ya michezo irudi kwa kaunti siku hiyohiyo. Wanaohofia kwamba hii ni njia nyingine ya kunyakua ardhi hawajakosea kuhofu, na ndiyo sababu hati isiandikwe jina la mwenyekiti wa klabu.

Karatasi ikiwepo, michango ya mashabiki nayo hupata maana. Mjini Berlin mashabiki zaidi ya 2,000 wa Union walijitolea kwa mikono yao kukarabati uwanja wa klabu mwaka 2008 na 2009, kisha mwaka 2011 klabu ikawauzia wanachama hisa za uwanja kwa euro 500 kila moja. Utasema Ujerumani ni Ujerumani. Lakini harambee tunaijua kuliko wao. Shule nyingi za kaunti hii zimejengwa hivyo. Tofauti ni kuwa anayechangia darasa anajua shule haitahama, ilhali anayechangia klabu ya soka Kenya huona pesa zikipotea katika nauli na posho.

Zimebaki zile siku mia tatu zisizo na mechi. Simba walipiga kambi Uturuki mwaka 2023 na Misri mwaka 2024, Yanga wakaenda Afrika Kusini; kambi za maandalizi ni biashara kamili, na Antalya imejaza hoteli zake wakati wa baridi kwa kuwawekea vilabu vya Ulaya viwanja kando ya vyumba vya kulala. Malindi na Watamu zina vitanda, jua na uwanja wa ndege, na kuanzia Aprili mvua za masika zikianza vitanda hivyo hubaki vitupu hadi wageni warudi katikati ya mwaka. Vilabu vya ukanda huu hujiandaa Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshapoza hewa. Klabu ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ikikaa wiki mbili hulipa vyumba, chakula na mabasi, na kinachohitajika ni viwanja viwili vyenye nyasi safi, uzio, taa na vyumba vya kubadilishia nguo. Jukwaa la viti elfu ishirini halimo kwenye orodha hiyo. Kombe la Afrika la 2027 linaloandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania limewatia wengi tamaa ya jukwaa kubwa, ila mashindano kama hayo huondoka baada ya mwezi.

Nikilazimika kuchagua mahali pa uwanja mmoja wenye majukwaa, nitachagua mji wa Kilifi, na najua Malindi watakasirika. Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani, maelfu ya wanafunzi wanaohitaji mahali pa kukimbia, mahafali na matamasha, yaani yule jirani wa Jumanne asubuhi. Tena iko katikati, kama kilomita 60 kutoka Mombasa na karibu vilevile kutoka Malindi. Majukwaa ya viti 5,000 yanatosha kuanza, mengine yaongezwe kwa awamu kadiri watu wanavyokuja. Malindi ichukue viwanja vya kambi, kwa sababu ndiyo yenye hoteli. Huo ni mgawanyo utakaoleta kelele katika bunge la kaunti, kwa kuwa kila mwakilishi wa wodi anataka jukwaa lake, na wodi za Kilifi ni 35.