Dawa ya Kuvu ya Kinywa na Vitenzi Vyake

Huko Nyegezi, jijini Mwanza, kama kwingineko, utando mweupe wa kinywani huletwa na kuvu iitwayo Candida albicans. Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa mimea itumiwayo na waganga wa Tanzania dhidi ya kuvu hiyo. Walakini nguvu ya mmea peke yake haitoshi. Yujenoli ya mafuta ya karafuu huua kuvu maabarani, ila haichanganyiki vema na maji, na mate huiondoa upesi. Ndiyo sababu wataalamu hutafuta jeli inatayo. Hapo lugha nayo ni sehemu ya tiba: kusukutua huishia kutema, kumumunya huikawiza dawa, kupaka huiweka penye utando. Mgonjwa aambiwaye "tumia" tu, aweza kuimeza mara moja, na utando ukabaki.