Ngano ya Hanang: Kompyuta yaonyesha faida inapopotelea

Mfanyabiashara anayepakia ngano Katesh au Basotu kuipeleka Arusha huijua bei ya kununulia, nauli ya lori na bei ya kinu. Jambo ambalo wengi hawaliingizi katika hesabu ni kiasi ambacho mizani na mashine ya kupima unyevu vinaweza kukosea. Katika biashara yenye faida ya shilingi chache kwa kilo, kosa hilo laweza kumeza karibu nusu ya faida ya safari nzima bila mtu yeyote kuiba.

Ngano si zao geni Hanang. Tangu miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa saba, yakiwamo ya Basotu, Setchet na Mulbadaw. Biashara ya nafaka ya namna hii hulipwa kwa vitu viwili, uzito na unyevu. Vyote viwili hupimwa kwa chombo, na hakuna chombo kisichokosea.

Shaka ya kipimo ni nini

Mizani ikisoma kilo 90, maana yake si kilo 90 kamili. Maana yake ni kwamba uzito wa kweli uko karibu na 90, pengine juu kidogo au chini kidogo. Upana huo wa "kidogo" ndio unaoitwa shaka ya kipimo. Mwaka 1993 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilitoa mwongozo wa namna moja ya kuukadiria na kuuandika, na mwongozo huo ndio unaofuatwa na maabara za vipimo duniani.

Shaka ya chombo kimoja haikai pale pale. Uzito ukizidishwa kwa idadi ya magunia, ukapunguzwa kwa ajili ya unyevu, kisha ukazidishwa kwa bei, shaka husafiri pamoja na hesabu hadi kwenye fedha. Zamani kuifuatilia njia hiyo kulihitaji hesabu ngumu. Siku hizi programu ya jedwali kama Excel, au LibreOffice ambayo haiuzwi, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Mfano wa lori moja

Tuchukue magunia 300 yenye wastani wa kilo 90, yaani kilo 27,000. Mashine inasoma unyevu asilimia 14, na mkataba unataka malipo kwa unyevu wa asilimia 13. Uzito wa kulipiwa ni 27,000 mara 86 gawanya kwa 87, sawa na kilo 26,690. Bei ya mfano ni shilingi 1,000 kwa kilo na faida baada ya gharama zote ni shilingi 20 kwa kilo. Faida inayotarajiwa ni shilingi 533,800. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, wala si bei za soko.

Makosa ya kuangaliwa ni matatu:

Kwanza, gunia huning'inia likiyumba na mpimaji husoma juu au chini. Tuseme kiasi cha kawaida cha kosa hilo ni kilo 0.3 kwa gunia.

Pili, mizani yenyewe yaweza kuwa imelegea. Tuseme haizidi kilo 0.4 kwa upande wowote.

Tatu, mashine ya unyevu yaweza kukosea hadi nusu ya asilimia moja kwa upande wowote.

Katika jedwali, kila tarakimu hupewa kisanduku chake na kanuni ya uzito wa kulipiwa huandikwa chini yake. Kisha tarakimu moja husogezwa na nyingine huachwa kama zilivyo. Unyevu ukibadilishwa kutoka 14 kuwa 15, uzito unashuka kwa kilo 310. Uzito wa kila gunia ukiongezwa kilo 0.1, jumla inapanda kwa karibu kilo 30. Hivyo mfanyabiashara huona ni tarakimu ipi inayoitikisa hesabu zaidi, bila kujua kanuni nyingine yoyote.

Mtego wa kosa la kudumu

Hapa ndipo wengi hukosea, na kompyuta haitawazuia. Kosa la kuyumba kwa gunia ni la bahati. Gunia moja huzidi, jingine hupungua, nayo hufutana. Kwa magunia 300 kosa hilo halizidishwi kwa 300, bali kwa kipeuo cha pili cha 300, ambacho ni kama 17. Ukilipunguza kwa ajili ya unyevu, kilo 0.3 huwa kilo 5.1 tu kwa lori zima.

Mizani iliyolegea haina bahati. Ikizidisha robo kilo kwenye gunia la kwanza, itazidisha robo kilo hadi gunia la 300. Kosa hili ni la kudumu na huzidishwa kwa 300 kamili. Kwa kuwa tunajua mpaka tu wa kosa, yaani kilo 0.4, na si mahali lilipo ndani ya mpaka huo, mwongozo unaelekeza mpaka ugawanywe kwa 1.73. Jibu ni kilo 0.231 kwa gunia, na kwa lori zima ni kilo 68.5. Mtu akiiambia programu kwamba kila gunia lina kosa lake la mizani lisilohusiana na la jingine, programu itamjibu kilo 4 tu, naye atalala usingizi asiostahili.

Mashine ya unyevu nayo ni ya kudumu. Nusu ya asilimia ikigawanywa kwa 1.73, kisha ikazidishwa kwa kilo 310, inaleta kilo 89.6.

Kuyaunganisha makosa matatu, kila moja huzidishwa kwa lenyewe, yanajumlishwa, na kipeuo cha pili cha jumla hutafutwa. Jibu ni kilo 113. Kwa desturi jibu hilo huzidishwa mara mbili ili mpaka ukamate matokeo yapatayo 95 katika 100. Basi lori lina kilo 26,690, pungufu au zaidi kwa kilo 226. Kwa bei ya mfano hizo ni shilingi 226,000, sawa na asilimia 42 ya faida. Kosa likielemea upande wa mnunuzi, hasara ni yake. Likielemea upande wa mkulima, mkulima ndiye aliyepunjwa.

Fedha zielekezwe wapi

Faida kubwa ya jedwali ni kwamba linaweza kuulizwa maswali kabla ya mtu kutoa fedha.

Ukinunua mizani mpya yenye tarakimu ndogo zaidi, kosa la kuyumba likashuka kutoka kilo 0.3 hadi 0.1, shaka ya lori inabaki kilo 226. Hakuna ulichonunua.

Ukiikagua mizani ya zamani kwa mawe ya mizani yaliyohakikiwa, mpaka wa kosa ukashuka hadi kilo 0.1, shaka inashuka hadi kilo 183.

Ukiilinganisha mashine ya unyevu na ya maabara, mpaka ukashuka hadi asilimia 0.2, shaka inashuka hadi kilo 155.

Ukifanya yote mawili, shaka inabaki kilo 80.

Katika mfano huu, basi, mashine ya unyevu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, ingawa mabishano mengi sokoni huwa juu ya mizani.

Njia ya kubahatisha mara nyingi

Kuna njia ya pili, iliyopewa mwongozo wake wa kimataifa mwaka 2008. Kompyuta huambiwa mipaka ya kila kosa, kisha huchagua makosa kwa bahati nasibu na kuifanya hesabu ya lori mara 10,000. Katika Excel kazi hiyo hufanywa kwa amri ya RAND, mstari mmoja kwa kila lori la kubuni. Jambo la kukumbuka ni lile lile. Kila mstari upewe kosa moja la mizani kwa magunia yote 300.

Matokeo yakipangwa kutoka dogo hadi kubwa, yakakatwa 250 chini na 250 juu, yaliyobaki ndiyo mpaka wa asilimia 95. Kwa mfano wetu mpaka huo ni kama kilo 213 kila upande, karibu na 226 za njia ya kwanza. Njia mbili zikitofautiana sana, kuna kisanduku kilichoandikwa vibaya. Kwa asiyetaka kuandika kanuni zote mwenyewe, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imetoa bila malipo programu iitwayo NIST Uncertainty Machine, inayofanya njia zote mbili.

Muhuri na tarakimu

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe, na kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Muhuri wa Wakala unaonyesha kwamba kosa la mizani halikuvuka kiwango kinachoruhusiwa siku ilipokaguliwa. Hausemi kwamba mizani haina kosa. Kiwango hicho kinachoruhusiwa ndicho kinachofaa kuingizwa katika jedwali kama mpaka, endapo hakuna kipimo bora zaidi.

Hesabu hii haiishii kwenye ngano. Vitunguu saumu vya Mbulu hupoteza uzito kadiri vinavyokauka, na anayenunua vibichi kwa kuuza vikavu anabeba shaka kubwa zaidi ya ile ya mizani. Mwekezaji mdogo anayetoa fedha kwa dhamana ya nafaka iliyo ghalani naye ana haki ya kuuliza swali moja zaidi ya idadi ya tani, yaani tani hizo ni pungufu au zaidi kwa kiasi gani. Mwenye ghala asiyeweza kujibu hajajua bado ana mali kiasi gani.